Kubishana Si Kugombana

Wako watu katika nchi yetu ambao wakiwaona wananchi wanne wameketi juu ya benchi, birika la kahawa liko katikati yao na sauti zimepaa, husema papo hapo: "Wavivu hao." Na wakisikia kwamba mazungumzo yenyewe ni ya ardhi, ya ushuru au ya viongozi, huongeza neno la pili: "Wachochezi hao." Leo twapenda kuyapima maneno haya mawili kwa mizani ya haki. Neno la kwanza mara nyingine huwa kweli, nasi hatutalificha. Lakini neno la pili ni la hatari, na mwanachama alitamkaye ajue kwamba anaibomoa nyumba aliyojengewa na wazee wake.

Tuchukue mfano wa Segera. Hatuitaji kwa kuwa watu wake ni wasemaji kuliko wengine. Twaitaja kwa kuwa ni njia panda, na njia panda haina siri. Magari yatokayo Dar es Salaam kwa njia ya Chalinze hufika hapo yakaachana: yaendayo Muheza na Tanga hushika mkono wa kuume, na yaendayo Korogwe, Same, Moshi na Arusha hushika mkono wa kushoto. Kwa utawala, Segera ni kata ya Wilaya ya Handeni. Kwa soko na safari za kila siku, jirani yake wa karibu ni mji wa Korogwe. Abiria hushuka hapo kununua machungwa na mahindi ya kuchoma, na pamoja na abiria hushuka habari. Wenyeji huzichambua kabla hazijapoa.

Mahali pa kuzichambulia ni kijiwe. Jina lenyewe ni la jiwe dogo la kukalia, lakini siku hizi huwa benchi chini ya mwembe, ukingo wa kibanda cha mama lishe, au kivuli cha waendesha bodaboda wanaongojea wateja. Hapo huchezwa drafti kwa vizibo vya soda, na hapo hubishaniwa kila jambo.

Mpira ndio hufungua mlango. "Sisi tuliundwa mwaka wa 1935, ninyi 1936, mdogo na amwamkie mkubwa wake," husema mtu wa Yanga. "Shikamoo, mzee," humjibu mtu wa Simba, "lakini ukishaamkiwa ukapumzike, uwanjani waachie wenye miguu." Watu wote hucheka. Kisha mazungumzo hugeuka polepole, na mzee mmoja huuliza: "Je, mjomba, mkutano wa kijiji ulikuwako?" "Sikuwako, mzee wangu, nilikuwa safarini." "Basi usiseme malisho yamegawiwa vibaya. Sisi tuliokuwako tulinyamaza, na wewe hukuja. Tumlaumu nani?" Na hapo kicheko hukoma.

Msomaji aliyepata kukaa kijiweni, iwe Segera, Mombo, Mkata au kwingineko, atakubali kwamba ndivyo yalivyo. Katika maneno hayo machache mna mzaha, mna hoja, na mna aibu ya taifa zima, ambayo tutaieleza mbele.

MAJIRANI WALIOKUTANISHWA NA KAZI

Kwanza tujiulize watu hawa wamejifunza wapi kubishana bila kupigana. Handeni ni nchi ya Wazigua. Milimani juu ya Korogwe ni kwa Wasambaa, na upande wa Muheza ni kwa Wabondei. Lakini tangu mkonge ulipoletwa katika pwani yetu na Mjerumani Richard Hindorf, mwaka wa 1893, nchi hii ya Tanga haikuwa tena ya watu watatu. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono ililetwa kutoka Kigoma, Songea, Unyamwezi, Ubena, hata kutoka Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mwaka wa 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuajiri wafanyakazi kilichoitwa SILABU, na watu waliosafirishwa nacho kwa mikataba wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba badala ya kuitwa kwa jina lake. Kufikia mwaka wa 1964 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na jasho la tani hizo lilikuwa la watu waliozaliwa mbalimbali wakalala katika kambi moja.

Kisha bei ya mkonge ikaanguka, nyuzi za viwandani zikachukua mahali pake, na wengi wa watu wale hawakurudi kwao. Walioa, wakalima, wakazika wazazi wao hapa. Ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, ikawakusanya tena watu waliokuwa wametawanyika. Kwa hiyo majirani wa leo katika vijiji vya Handeni na Korogwe ni wajukuu wa wenyeji na wajukuu wa manamba, pamoja na wafanyabiashara walioletwa na barabara. Watu wa namna hii wana njia mbili tu: kuchinjana au kutaniana. Babu zetu walichagua kutaniana.

SHERIA YA UTANI

Watu wengine hudhani utani ni mchezo wa watu wasio na kazi. La, utani ni sheria, tena ni sheria ya amani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Wanyamwezi na Wazaramo walikutanishwa na misafara ya biashara baina ya bara na pwani, na utani wao ukatokana na kupokeana njiani. Mtani akifiwa, mtani mwenzake huja kuchimba kaburi, na huku akichimba huwachekesha wafiwa na kudai fedha ndipo aendelee. Mtani huweza kukutolea maneno ambayo mtu mwingine akikutolea utampeleka barazani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika, kwa kuwa kesho zamu itakuwa yako.

Jambo hili liliwashangaza hata wageni. Reginald Moreau, Mwingereza mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, katika Usambara ya Mashariki, aliyaacha mabawa kwa muda akaandika habari za utani wa Tanganyika, zikachapwa mwaka wa 1941 na tena mwaka wa 1944. Aliona kwamba kabila kwa kabila zilifungwa pamoja kwa kamba hii, na kwamba kila upande ulijua haki zake na wajibu wake.

Tukitazama vizuri twaona utani una masharti matatu. Sharti la kwanza, ni wa pande mbili: anayetania hutaniwa. La pili, una mipaka: wako watu wa kutania nao na wako wa kuwaheshimu. La tatu, unaambatana na msaada: anayekucheka ndiye wa kwanza kufika ukipatwa na msiba. Mzaha usio na masharti haya si utani bali ni matusi. Mwenye cheo akimcheka maskini ambaye hathubutu kumjibu, huo si utani. Kijana akimdhihaki mgeni kwa lafudhi yake, kisha asimpe hata maji, huo si utani.

Twalisema hili kwa sababu nyakati hizi zina majaribu yake. Tangu mwaka wa 2022 kaya kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamia Msomera, katika Wilaya hiyo hiyo ya Handeni. Vijiweni limezungumzwa sana: wako waonao kwamba ardhi itawatosha wote, na wako wenye hofu juu ya malisho na mashamba. Kuzungumza hivyo ni haki yao, kwani wao ndio watakaokaa pamoja. Lakini mzungumzaji akumbuke methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone, na akumbuke kwamba babu yake mwenyewe huenda alifika nchi hii akiwa na namba shingoni.

MABISHANO YA KARATASI

Wala nchi ya Tanga haikuanza jana kubishana hadharani. Katika miaka ya 1890 wamisionari wa Magila, katika nchi ya Wabondei, walikuwa wakichapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Habari za Mwezi. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga ikachapa Kiongozi, na walimu na makarani wa Kiafrika wakapeleka humo habari na barua zao. Mwaka wa 1923 serikali ya Waingereza ikaanzisha Mambo Leo huko Dar es Salaam. Gazeti lilikuwa la mtawala, na mtawala alidhani atasema yeye peke yake. Wasomaji hawakukubali. Waliandika barua, wakajibizana kwa mashairi, wakasahihishana Kiswahili, wakaulizana maana ya ustaarabu na heshima. Shaaban Robert, mwana wa Tanga aliyezaliwa mwaka wa 1909, alikuwa miongoni mwa waliotoa mashairi yao humo.

Funzo lake ni hili: watu waliokuwa hawana kura walijifanyia bunge la karatasi. Walipokuja watu wa TANU mwaka wa 1954, hawakukuta wananchi mabubu. Walikuta wananchi waliokwisha zoea kuuliza na kujibu, na kazi ya Chama ikawa kuyakusanya maswali yale yakawa swali moja: kwa nini tutawaliwe?

CHAMA KILIFUNDISHA NINI

Ndiyo maana twashangaa kumsikia kiongozi wa Chama akiogopa kijiwe. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha Tujisahihishe cha mwaka wa 1962, aliwafundisha wanachama kwamba ukweli hauulizi umetamkwa na mkubwa au mdogo, rafiki au adui. Alionya kwamba kosa letu kubwa ni kulipima neno kwa kumtazama msemaji: akisema tumpendaye twapiga makofi, akisema tusiyempenda twakataa, hata kama maneno ni yale yale. Kila mwanachama ajiulize kama hajalitenda kosa hilo mwaka huu.

Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka wa 1970 ukaleta mabaraza ya wafanyakazi mahali pa kazi. Mwaka wa 1971 ukafuata Mwongozo wa TANU, uliokataza viongozi ubwana, fahari, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliusoma wakauelewa vema kuliko ilivyotazamiwa. Katika viwanda vingi walisimama wakawauliza mameneja wao maswali, na pengine wakagoma. Viongozi wengine walikasirika wakasema watu wameharibika. Wafanyakazi walikuwa wamefanya jambo moja tu: waliamini kwamba maneno ya Chama ni ya kweli.

Na uko mfano mkubwa kupita huo. Mwaka wa 1991 iliundwa Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Katika kila watu 100 waliotoa maoni, kiasi cha 77 walitaka chama kimoja kiendelee, na kiasi cha 21 tu walitaka vyama vingi. Mtu wa hesabu tupu angesema neno limekwisha. Lakini Tume ilishauri mfumo ubadilishwe, Mwalimu mwenyewe akaunga mkono mabadiliko, na mwaka wa 1992 sheria ikabadilishwa. Hoja ya wachache ilisikilizwa na wengi, wala nchi haikupasuka. Kama taifa zima liliweza kumsikiliza mmoja katika watano, mwenyekiti wa tawi ashindwe kumsikiliza mwendesha bodaboda?

MAKOSA YA KIJIWE

Tumesema tutakuwa wa haki, basi tuyataje na makosa. Kosa la kwanza ni uvivu. Mtu akiketi kijiweni tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hali shamba lake limejaa majani na mvua za Handeni zinajulikana kwa ubahili wake, huyo hajadili siasa, anaikimbia kazi. Handeni imepata kuonja njaa mara nyingi, na hakuna hoja iliyopata kuivisha mahindi. Kijiwe cha wakati wa mapumziko ni shule, bali kijiwe cha wakati wa jembe ni hasara.

Kosa la pili ni uvumi. Wakati wa ukoloni nchi nzima ilisumbuliwa na uvumi wa mumiani, kwamba wako watu wanaowavizia wananchi ili wawanyonye damu. Watu wasio na hatia waliogopwa, na wengine walipigwa. Lakini tusiwacheke wazee wetu upesi. Uvumi ule uliota kwa sababu mtawala hakujibu maswali, na mahali pasipo jibu la kweli, jibu la uongo hujiotea lenyewe. Hata leo ndivyo ilivyo. Bomba la mafuta ghafi litokalo Uganda mpaka Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kati yake kilomita 1,147 ziko ndani ya nchi yetu, zikipita na katika wilaya za Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Mwananchi aliyepitiwa shambani akiuliza juu ya fidia yake, akaambiwa "ngoja," kisha "ngoja," kijiwe kitamjibu kabla ya ofisi. Dawa ya uvumi ni jibu la wazi, la haraka na la maandishi. Kuwatisha wanaouliza hakupata kuuzima uvumi po pote.

Kosa la tatu ni sauti nene kuwafunika wengine. Mama lishe hupika chai, huosha vikombe, na husikia kila neno. Ndiye ajuaye bei ya unga na sukari kuliko wote walioketi. Lakini akitia neno lake, huambiwa, "Mama, leta chai." Sheria yenyewe imewatangulia wanaume wa kijiweni: Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu saba, na wasiopungua watatu sharti wawe wanawake. Kama sheria inamtaka mwanamke aamue mashauri ya ardhi, ni nani huyo anayemzuia kuyazungumza?

AIBU YA KUNYAMAZA

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Kosa kubwa la kijiwe si kwamba watu wake husema mno, bali husema mahali ambapo maneno hayaamui kitu, kisha hunyamaza mahali ambapo maneno yangeamua.

Kwa Sheria Namba 7 ya mwaka wa 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hakuteuliwa na mtu, hakununua kiti, wala haulizwi chama chake. Mkutano huo hupaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mbele yake ndipo yanapoelezwa mapato na matumizi ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka wa 1999, Halmashauri ya Kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa iwe ardhi ya jumla, na eneo halizidi hekta 250, Mkutano Mkuu wenyewe ndio ukubalio au ukataao. Eneo likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo yake, na Waziri ndiye aamuaye. Tena uhamisho hauwezi kukamilika kabla ya mapatano juu ya fidia.

Hebu mwananchi apime uzito wa jambo hili. Bwana aliyevaa kandambili, asiye na cheo, anayekunywa kahawa yake Segera, amepewa na sheria sauti ambayo manamba wa mwaka wa 1944 hakuiota. Naye huitumia vipi? Tangazo la mkutano likibandikwa, hulipita. Siku ya mkutano huenda gulioni. Wachache hukusanyika, muhtasari huandikwa, mihuri hugongwa, na baada ya mwaka mmoja uzio husimama mahali ambapo mifugo ilikuwa ikinywa maji. Hapo ndipo kijiwe huwaka moto! Maneno matamu, hoja kali, methali za kila namna. Lakini maji yamekwisha kumwagika, na yaliyomwagika hayazoleki.

Wengine watasema: "Twaogopa. Ukisimama mkutanoni ukauliza, waitwa mpinzani." Neno hili tunalipokea, kwa kuwa lina ukweli, na hapa lawama yawaangukia viongozi. Mwenyekiti anayemjibu muulizaji kwa kumwuliza chama chake hajajibu swali. Ameonyesha tu kwamba hana jibu. Mtendaji anayeitisha mkutano kwa tangazo la jioni kwa ajili ya asubuhi hakuitisha mkutano, ameukwepa. Viongozi wa namna hii hukidhuru Chama kuliko mpinzani ye yote, kwa maana mpinzani hukisema Chama kwa maneno, bali wao hukisema kwa matendo, na matendo husadikiwa zaidi.

LA KUFANYA

Kwa hiyo basi twashauri mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha.

Kwanza, kila kijiwe kijichagulie swali moja kabla ya Mkutano Mkuu. Maswali kumi na matano humpa kiongozi nafasi ya kujibu rahisi na kuruka gumu. Swali moja lililopikwa likaiva halikwepeki. Achaguliwe na wa kuliuliza, na wengine waketi karibu naye ili asiwe peke yake. Hapo utani utapata kazi yake ya asili, yaani kusimama pamoja na mwenzako wakati wa dhiki.

Pili, viongozi wa Chama wa shina na tawi waende vijiweni, tena waende bila daftari la kuandika majina. Waketi, wanunue kahawa yao, wataniwe nao wataniane, wasikilize. Kiongozi asiyeweza kuvumilia mzaha wa jirani yake hataweza kuvumilia ukweli wake.

Tatu, sisi sote tujifunze tofauti ya kubishana na kugombana. Anayebishana hulishika neno. Anayegombana humshika mtu. Anayebishana huweza kusema, "Hapo umenishinda," akanywa kahawa yake kwa amani. Katika shule za misheni tulifunzwa mdahalo kwa utaratibu: huyu asema, yule asubiri, kisha mwalimu alitubadilisha pande, aliyepinga akaambiwa atetee. Tulichukia zoezi lile, lakini lilitufunza kwamba hoja ya mwenzako ina nyumba, na unaweza kuingia ukakaa humo kwa dakika kumi bila kufa.

Wahenga walisema vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Hawakusema vitenganishwe. Walijua kwamba kikombe kilichofungiwa kabatini peke yake hakigongani na kingine, lakini pia hakimnyweshi mtu. Taifa letu lilijengwa na watu waliosema. Wananchi wa Segera, wa Korogwe, wa Handeni na wa kila njia panda ya Tanzania, semeni. Lakini tangazo la mkutano likibandikwa, inukeni mwende mkaseme na kule, kwa sauti ile ile.